Kuendesha Mashine Pepe Nyepesi kwa Amri za Mtindo wa Kontena: Mwongozo kwa Mwenye Seva Moja

Katika chumba kimoja eneo la Mwanga, mjini Kigoma, ninatunza kompyuta ya mezani yenye prosesa ya viini vinne, kumbukumbu ya GB 8, diski ya SSD ya GB 240 na diski ya pili ya GB 500. Kompyuta hiyo ndiyo seva ya watu watano: mfanyabiashara wa dagaa na migebuka wa Kibirizi anayehifadhi hesabu za mzigo wake, muuzaji wa mawese, duka la dawa, shule moja ya Ujiji inayotunza kumbukumbu za ada, na mimi mwenyewe. Mwongozo huu unaeleza namna ya kumpa kila mmoja mashine pepe yake (kompyuta inayoigizwa na programu) ndani ya kompyuta hiyo moja, na namna ya kuzisimamia mashine hizo kwa amri fupi kama zile ambazo watumiaji wa kontena wamezizoea, bila kusakinisha mfumo endeshi upya kila anapokuja mteja.

Kwanza ni lazima tofauti ya kontena na mashine pepe ieleweke, kwa sababu maamuzi yote yanayofuata yanaitegemea. Kontena ni programu iliyofungwa na kutengwa na nyingine; kontena zote zilizo katika kompyuta moja hutumia kerneli (moyo wa mfumo endeshi) moja, yaani ile ya kompyuta yenyewe. Zinafanana na vyumba vya nyumba ya kupanga ambayo kuta zake za ndani haziufikii paa: kila mpangaji ana mlango na kufuli yake, lakini mwenye ngazi anaweza kupitia juu. Tundu moja la usalama katika kerneli linaweza kumfikisha mtu katika vyumba vyote. Mashine pepe ina kerneli yake, na kilicho kati yake na kompyuta ni kinga ya prosesa yenyewe, ambayo Linux huitumia kupitia KVM, sehemu iliyoingizwa katika kerneli toleo la 2.6.20 mwaka 2007. Ukuta huo unafika juu. Kwa muda mrefu gharama yake ilikuwa uzito, kwa maana ya kumbukumbu nyingi, uwakaji wa polepole na usimamizi wa kuchosha.

Uzito huo umepungua sana. Mwishoni mwa 2017 ulitangazwa mradi wa Kata Containers, ambao huendesha kontena ndani ya mashine pepe ndogo huku mtumiaji akibaki na zana zake za kawaida za kontena. Mwaka 2018 Amazon ilitoa Firecracker, programu iliyoandikwa kwa lugha ya Rust, ambayo huacha karibu vifaa vyote vya kuigiza na kubakiza vichache tu, na kwa vipimo vya watengenezaji wake huiwasha mashine ndogo kwa muda wa milisekunde 125 au chini yake. Mwaka uliofuata kampuni ya Weaveworks ilitoa Ignite, zana iliyoivika Firecracker amri zinazofanana na za Docker, zana maarufu ya kontena. Nilivutiwa nayo sana, lakini hazina yake ya msimbo sasa imefungwa, na kampuni yenyewe ilifunga shughuli zake mwaka 2024. Kwa hiyo sikushauri uanze nayo. Fundi aliye mbali na mafundi wenzake anahitaji zana inayotunzwa, hata kama inachelewa sekunde kumi kuwaka.

Zana ninayoitumia ni Incus. Ilizaliwa Agosti 2023 kama tawi la LXD, zana ya kusimamia kontena na mashine pepe, baada ya Canonical, kampuni inayotengeneza Ubuntu, kuuondoa mradi wa LXD kutoka jumuiya ya Linux Containers, na toleo lake la 6.0, lililotoka Aprili 2024, limeahidiwa kutunzwa hadi 2029. Incus hutumia QEMU (programu inayoigiza vifaa vya kompyuta) na KVM kuendesha mashine pepe, lakini kwa kutumia vifaa vya kisasa vya virtio, vilivyobuniwa kwa ajili ya mashine pepe, bila mzigo wa vifaa vya kale. Haifikii wepesi wa Firecracker. Uzuri wake ni kwamba amri ileile inayounda kontena huunda mashine pepe ukiongeza neno moja tu, yaani --vm.

Kuandaa kompyuta

Hakikisha kwanza kwamba prosesa yako ina uwezo wa kuendesha mashine pepe na kwamba umewashwa. Andika amri hii:

ls -l /dev/kvm

Ukiambiwa kwamba faili hilo halipo, ingia katika mipangilio ya BIOS (programu ya awali inayoiwasha kompyuta) na uwashe kipengele cha VT-x kwa prosesa za Intel, au SVM kwa prosesa za AMD. Kompyuta nyingi za mtumba zinazotufikia huja kipengele hiki kikiwa kimezimwa, na mtu anaweza kupoteza siku nzima akiilaumu programu.

Kwa Debian 13 au Ubuntu 24.04, usakinishaji ni huu:

sudo apt install incus qemu-system lvm2 thin-provisioning-tools
sudo adduser $USER incus-admin
newgrp incus-admin

Usimwingize mtu yeyote asiyehusika katika kundi la incus-admin, kwani aliyemo humo ana uwezo sawa na wa msimamizi mkuu wa kompyuta nzima. Kisha anza matayarisho:

incus admin init

Utaulizwa maswali kadhaa, na mengi unaweza kuyakubali yalivyo. Matatu yanahitaji kufikiriwa. La kwanza ni aina ya ghala la diski. Chaguo la dir ni rahisi lakini kila mashine hunakiliwa nzima. Zfs ni imara lakini hupenda kumbukumbu nyingi, nasi tuna GB 8 tu. Btrfs inafaa zaidi kwa kontena kuliko kwa diski za mashine pepe. Mimi nilichagua lvm, nikaipa diski ya pili nzima na kuliita ghala hilo «ghala». Kwa lvm taswira moja (nakala ya mfumo endeshi uliokwisha kuandaliwa) huwa msingi na kila mashine huhifadhi tofauti zake tu, hivyo mashine tano hazihitaji nafasi mara tano. Diski utakayoitaja iwe tupu, maana kilichomo kitapotea.

Swali la pili ni anuani za mtandao wa ndani. Usiache Incus ijichagulie; andika mwenyewe, kwa mfano 10.77.0.1/24, ili baadaye uweze kumpangia kila mteja anuani unayoikumbuka.

Swali la tatu linauliza kama taswira zilizohifadhiwa zisasishwe zenyewe. Jibu lililopendekezwa ni ndiyo. Kwa anayelipia intaneti kwa bando, jibu liwe hapana. Ukikubali, Incus itakuwa ikichungulia kila baada ya saa sita kama kuna taswira mpya, na ikiipata itaipakua, mamia ya megabaiti, bila kukuuliza.

Taswira moja, ipakuliwe mara moja

Kuna jambo jingine kuhusu taswira ambalo halionekani mpaka likuumize. Ukiunda mashine moja kwa moja kutoka seva ya mbali, Incus huhifadhi nakala ya taswira, lakini nakala hiyo huhesabiwa kuwa ya muda, na isipotumika kwa siku kumi hufutwa. Mteja mpya akija wiki ya tatu, utaipakua tena. Dawa yake ni kuinakili kwa makusudi na kuipa jina:

incus image copy images:debian/13 local: --alias msingi --vm

Taswira iliyonakiliwa hivi haifutwi yenyewe wala haisasishwi yenyewe. Mimi huifanya kazi hii usiku, mtandao unapokuwa na nafuu, kisha huitoa kwa amri ya incus image export na kuiweka katika fleshi. Utapata faili mbili, moja ya maelezo na nyingine ya diski, na kompyuta ya pili huzipokea zote mbili kwa incus image import. Mwenzangu wa Kasulu hajaipakua Debian hata mara moja. Huipata kwa fleshi inayosafiri na basi.

Kuunda mashine

Sasa mashine ya kwanza:

incus launch msingi duka1 --vm -c limits.cpu=1 -c limits.memory=768MiB -d root,size=8GiB

Usiache mipaka hiyo. Usipoitaja, Incus hutoa kiini kimoja cha prosesa, GiB 1 ya kumbukumbu na GiB 10 za diski, na ingawa si vibaya, ni desturi njema kwamba kila mashine izaliwe ikijua kiwango chake. Hesabu ya kumbukumbu ifanyike kwenye karatasi kabla ya kuwasha chochote. Katika GB 8 ninaiachia kompyuta yenyewe takribani GB 2. Mashine tano za MiB 768 ni MiB 3840, ya sita inafikisha MiB 4608, yaani GiB 4.5, na kila moja huongeza kidogo kwa ajili ya QEMU. Sita zinakaa bila kubanana. Nane zingewaka, lakini siku ambayo wote wanafunga hesabu za mwisho wa mwezi kompyuta ingeanza kuandika kumbukumbu kwenye diski, na kila mteja angelalamika kwa wakati mmoja.

Kuona zilizopo, andika incus list. Kuingia ndani, andika:

incus exec duka1 -- bash

Ukiingia mapema mno utaambiwa kwamba wakala wa mashine hajaanza kufanya kazi. Hilo si kosa. Tofauti na kontena, mashine pepe lazima iwashe kerneli yake, kisha programu ndogo ya wakala iliyo ndani yake ndiyo inayopokea amri zako. Subiri kidogo, ujaribu tena. Endapo baada ya dakika mbili bado hakuna jibu, tumia incus console duka1 utazame uwakaji ulipokwama. Kutoka humo bonyeza Ctrl na a, kisha q. Ukishaingia, linganisha jibu la uname -r la ndani na la nje. Mara nyingi yatatofautiana, nawe utakuwa umeiona kerneli ya pili kwa macho yako.

Huenda ukajiuliza kama kila kitu kiwe mashine pepe. Hapana. Programu zangu mwenyewe, ambazo msimbo wake naujua, ninaziendesha katika kontena kwa amri hiyohiyo bila --vm, na zinatumia kumbukumbu ndogo zaidi. Mfumo wa shule ulioletwa na mtu aliyeuandika miaka mingi iliyopita, ambao hakuna anayejua umefungwa na nini, unakaa katika mashine pepe. Taarifa za wagonjwa wa duka la dawa vilevile, hata kama programu yake ni nzuri, kwa sababu kuvuja kwake hakurekebishiki kwa kuomba radhi.

Kuifungulia njia ya mtandao

Mashine mpya inaweza kutoka nje, lakini wa nje hawezi kuiingia. Kwa kontena njia hufunguliwa kwa kifaa cha proxy, kinachopokea mawasiliano na kuyapitisha ndani, bila masharti mengi. Kwa mashine pepe kifaa hicho hufanya kazi kwa njia ya NAT (kubadilisha anuani za pakiti) pekee, na mashine lazima iwe na anuani ya kudumu. Ndiyo sababu tulichagua anuani wenyewe hapo mwanzo:

incus config device override duka1 eth0 ipv4.address=10.77.0.11
incus restart duka1
incus config device add duka1 wavuti proxy listen=tcp:192.168.1.10:8081 connect=tcp:10.77.0.11:80 nat=true

Anuani ya 192.168.1.10 ni ya seva katika mtandao wa ofisi. Weka ya kwako, na uhakikishe kwamba ruta haiibadilishi. Endapo kompyuta hiyohiyo ina Docker, utakuta mashine ina anuani lakini haifiki popote, kwa sababu Docker hubadilisha kanuni za kupitisha pakiti na kuzuia zisizo zake. Njia nyepesi ni kuiondoa Docker kwenye seva na kuisakinisha ndani ya mashine pepe mojawapo, ambamo itatawala kerneli ya humo tu.

Data ikae kando ya mashine

Hapa ndipo ninapotaka msomaji akae kidogo, kwa sababu ndipo nilipokosea. Diski kuu ya mashine ibebe mfumo na programu, na data ya mteja ikae katika diski ya pili:

incus storage volume create ghala data-duka1 --type=block size=5GiB
incus storage volume attach ghala data-duka1 duka1

Ndani ya mashine diski hiyo itaonekana tupu. Itambue kwa lsblk, iumbize kwa mkfs.ext4, kisha iandike katika /etc/fstab ili ipandishwe kila mashine inapowaka. Faida yake ni kubwa. Kabla ya kusasisha programu unachukua picha ya hali ya mashine:

incus snapshot create duka1 kabla

Mambo yakiharibika unairudisha:

incus snapshot restore duka1 kabla

Mfumo unarudi ulivyokuwa jana, lakini mauzo yaliyoingizwa leo asubuhi hayaguswi, kwa kuwa picha ya mashine haihusishi diski iliyoambatishwa. Jambo hilohilo ndilo lililoniponza. Kwa miezi kadhaa nilikuwa ninatoa nakala ya mashine ya mteja mmoja kila Jumamosi, nikijiona mwangalifu, hadi siku nilipojaribu kuirudisha kwenye kompyuta nyingine nikakuta mfumo mzima, safi kabisa, bila rekodi hata moja. Data yenyewe ilikuwa salama kwenye seva, kwa hiyo hakuna aliyeumia isipokuwa mimi. Tangu hapo nakala zangu ni mbili daima:

incus export duka1 /media/fleshi/duka1.tar.gz --instance-only
incus storage volume export ghala data-duka1 /media/fleshi/data-duka1.tar.gz

Fleshi nyingi huuzwa zikiwa zimeumbizwa kwa FAT32, ambayo haipokei faili linalozidi GiB 4; iumbize upya kwa exFAT au ext4 kabla ya kuitegemea. Elewa pia kwamba picha ya hali ya mashine iliyowashwa ni sawa na diski iliyokatikiwa umeme ghafla. Hifadhidata nzuri huweza kujirekebisha, lakini ni bora kuizima mashine kwanza kwa incus stop duka1, ambayo husubiri uzimaji wa kawaida. Ukiongeza --force unakuwa umechomoa waya. Na picha hizo hukaa katika diski ileile ya seva, hivyo diski ikifa zinakufa pamoja nayo. Zinaweza kupangiwa ratiba na umri wa kuishi:

incus config set duka1 snapshots.schedule="0 21 * * *" snapshots.expiry=7d

Bila umri huo zitarundikana, na ghala la lvm likijaa mashine zote hushindwa kuandika, siyo ile iliyolijaza pekee. Chungulia kila wiki kwa incus storage info ghala.

Umeme ukikatika, na unaporudi

Kigoma iliishi kwa majenereta ya dizeli kwa miaka mingi, na hata leo hakuna fundi wa hapa anayepanga seva kana kwamba umeme haukatiki. Kukatika kwenyewe hudhibitiwa na UPS (betri ya akiba) iliyounganishwa kwa waya wa USB, pamoja na programu ya NUT, ambayo huizima seva kwa adabu betri inapokaribia kuisha. Seva inapozimwa, Incus huipa kila mashine sekunde 30 za kujizima, na isipomaliza huikata. Kwa mashine yenye hifadhidata muda huo ni mfupi. Mimi huweka 90, baada ya kuhakikisha kwamba betri inaweza kuvumilia:

incus config set duka1 boot.host_shutdown_timeout=90

Kurudi kwa umeme kuna adha yake. Mashine zote zikiwaka kwa pamoja hugombania diski moja, na zote huchelewa. Afadhali zipangwe foleni:

incus config set duka1 boot.autostart=true boot.autostart.priority=50 boot.autostart.delay=20

Yenye namba kubwa ya kipaumbele hutangulia, na sekunde 20 hupita kabla ya inayofuata kuwashwa. Duka la dawa liko mbele katika foleni yangu, shule iko nyuma, maana ada hailipwi saa mbili usiku. Ukimaliza kupanga, fanya jaribio la kweli siku ya Jumapili: chomoa plagi ya UPS ukutani, acha seva ijizime, rudisha umeme, halafu tazama incus list mpaka zote ziwe zimewaka. Hakikisha BIOS imeelekezwa kuiwasha kompyuta umeme unaporudi, la sivyo foleni yako nzuri itamsubiri mtu wa kubonyeza kitufe.

Mteja anapoondoka

Mkataba ukiisha, mpe mteja nakala zote mbili katika fleshi yake, zifungue mbele yake aone data yake imo, kisha futa mashine na diski yake ya data, kila moja kwa amri yake:

incus stop duka1
incus delete duka1
incus storage volume delete ghala data-duka1

Amri ya kufuta haiulizi mara mbili. Kwa mashine za wateja waliobaki, washa security.protection.delete=true tangu siku ya kwanza, ili kidole kilichoandika duka2 badala ya duka1 kikataliwe na mashine yenyewe.